Mwanga wa Mbari

Matisi, Kitale

Wairimu mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Nimekuona asubuhi hii ukitoka kwenda Bungoma kuwaaga wajomba, u mzima wa afya na umenuna. Yangu nawe unaijua. Kwa hiyo salamu tuziruke.

Nayaruka na mengine pia. Sweta, dawa, pasipoti, namna ya kukataa kwa adabu chakula usichokijua, hayo yote bibi yako, Shosho, ameshayasema na atayarudia kesho mpaka gari la kwenda Nairobi liwashwe. Baba yako naye amekuandikia nambari za simu za watu ambao sidhani kama wote bado wako hai. Mimi nimebaki na lile moja la Jumapili.

Jumapili ulikuwa ukiosha vyombo, mimi nikipanguza. Ulisema bila kugeuka, "Mathe, mimi siendi."

"Kwa nini?"

"Siwezi kumwacha Naliaka. Siwezi kumfanyia vile ulinifanyia."

"Nilikufanyia nini?"

"Si unajua."

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

"Ona sasa! Hata saa hii unauliza ni kama uko darasani. Wewe uko baridi, bana. Ulienda kuangalia nyota miaka mitatu ukaniacha na Shosho, na sijawahi kukuona ukilia juu ya hiyo maneno."

Nikamaliza kupanguza sufuria nikaitundika. Wewe ukaenda chumbani kwa mtoto. Tangu siku hiyo sanduku lako linafungwa na kufunguliwa. Jana nimekuta viatu vyako vipya vimerudi chini ya kitanda, na leo asubuhi viko sandukuni tena. Kesho gari litakuja, na mpaka sasa hakuna anayejua litaondoka na wewe au bila wewe. Nadhani hata wewe hujui.

Sikuandikii ili nikusukume. Umri wa ishirini ni umri wa mtu kukosea mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu unataka kuamua safari yako kwa kutumia safari yangu, na yangu hujawahi kuelezwa yote. Mwanao yuko hapa chini ya meza anatafuna kifuniko cha kalamu. Nimemnyang'anya mara mbili, sasa nimemwachia. Tangu ulipompa jina langu, Naliaka, kwa kuwa baba yake hakujitokeza kudai jina la kwao, naona wajina wangu amechukua na ukaidi.

Nianze na hizo "nyota". Hazikuwa nyota, Wairimu. Zilikuwa galaksi, na galaksi ni nchi nzima ya nyota zisizohesabika, pamoja na vumbi lake. Vumbi hilo ndilo lililokuwa na maneno. Huziba mwanga wa nyota, kama vumbi letu la Januari linavyouficha Mlima Elgon mpaka mgeni akadhani tunamdanganya kwamba kuna mlima. Lakini vumbi likimulikwa na nyota hupata joto, na kila kilicho na joto hutoa mwanga wa namna yake, mwanga ambao jicho haliuoni. Umewahi kupitisha shavu karibu na pasi ya makaa. Kwa nje ni nyeusi tu, haina hata wekundu, lakini shavu linajua. Mwanga huo uko ng'ambo ya wekundu. Ule wa vumbi la galaksi uko ng'ambo zaidi, mbali kabisa na wekundu, ndiyo maana huitwa infraredi ya mbali. Mimi nilizoea kuuita mwanga wa mbali, kwa kufupisha. Lishike neno hilo, mbali, kwa sababu ndilo lililotuvurugia nyumba.

Hewa yetu huumeza mwanga huo kabla haujafika chini. Kwa hiyo mwaka wa themanini na tatu wanasayansi wa ng'ambo walikuwa wamerusha setilaiti juu ya hewa, yenye darubini iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji, baridi ambayo hata kileleni mwa Elgon huwezi kuiota. Baridi ya nini? Darubini yenye joto hung'aa yenyewe kwa mwanga uleule inaoutafuta. Ingetazama mbingu ikajiona. Heliamu ilikuwa ikipotea kidogo kidogo, na ilipoisha darubini ikapata joto, ikawa kipofu. Haikumaliza hata mwaka. Mimi nilifika wakati inakaribia kufa, mwanafunzi wa shahada ya pili kutoka Kitale mwenye koti la kuazima, na kwa miaka mitatu tukawa tunasoma yale iliyokuwa imeyaona.

Uliposema niko baridi, nilifikiria darubini ile. Karibu nikwambie. Kisha nikakuona vile utakavyonigeuzia macho na kusema, "Si hiyo ndio nasema," nikapanguza sufuria.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta zilitoa karatasi ndefu zenye madoa ya joto, mbingu nzima. Kwa kila doa, mimi na wenzangu tuliweka picha ya kawaida ya sehemu ileile chini ya kioo cha kukuza, tukajiuliza hapa pana nini. Je, ni galaksi? Ni nyota? Au ni vumbi la kwetu? Hilo la tatu ndilo lililotutoa jasho. Nasi tumo ndani ya galaksi, ule mkanda mweupe unaouona umeme ukipotea Matisi, na galaksi yetu ina vumbi lake, limetanda mbele ya kila kitu kama moshi wa jikoni, nalo lina joto. Ukizembea utaandika kwamba umeona galaksi ya mbali kumbe umeona moshi wako mwenyewe.

Mimi nilikosea kinyume chake. Ilikuwa Januari yangu ya kwanza. Nje theluji, lakini kichwani mwangu ilikuwa Kitale, watu wanachoma mabua ya mahindi, vumbi mpaka kwenye meno, nawe unakimbia peku uani. Doa likija hafifu, na kwenye picha ya kawaida hakuna kitu, naandika: vumbi la kwetu. Linalofuata: vumbi la kwetu. Mama mmoja mzee aliyesimamia meza yetu, mwenye sauti ya sigara, alinirudishia karatasi. Moja ya madoa niliyoyakata lilikuwa galaksi kamili, inawaka kwa joto kuliko jirani zake wote, ila ilikuwa imejifunika vumbi lake mpaka picha ya kawaida haikuambulia kitu. Aliniambia, "Naliaka, unarudisha kila kitu nyumbani." Nilinuna kwa muda, maana kununa hukukuokota njiani. Kisha nikairudia kazi yote tangu mwanzo.

Sasa nije kwa bibi zako.

Kabla sijasafiri nilikwenda kumweleza Kukhu, mama yangu, ninakokwenda na kufanya nini. Alikuwa bado anauza vitunguu sokoni Lwakhakha, na alinisikiliza huku akifunga mafungu. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kibukusu maneno ya setilaiti yalinishinda. Aliridhika. Shida ni kwamba kwa Kukhu, L na R zilikuwa mapacha, alimwita yeyote aliyekuwa karibu. Na Shosho wako, mama ya baba yako, Mkikuyu aliyeletwa Trans-Nzoia na wazazi wake kwenye mashamba ya mahindi, naye hana ruhusa ya kumcheka mtu kwa hilo. Mimi nilitibiwa ugonjwa huo bwenini, kwa kuchekwa, na kama mtu aliyeacha pombe, nikawa sivumilii kuuona kwa mwingine. Nimekuwa polisi wa L na R maisha yangu yote. Nimewasahihisha wanafunzi, makarani na mchungaji akiwa mimbarini. Baba yako siku ya kunitamkia alisema, "Naliaka, nakupenda kweri." Nikamwambia, "Kweli." Akadhani nauliza. Akajibu, "Eeh, kweri kabisa."

Basi miezi michache baada ya mimi kuondoka, Kukhu alikuja hapa Matisi kukuona, na vitunguu vyake na kuku mweupe. Haya ninayokuandikia nilisimuliwa na baba yako, aliyekuwa mlangoni anashindwa aingie au acheke.

Shosho akauliza, "Na Naliaka, huko kwa wazungu, anafanya kazi gani?"

Kukhu akasema, "Anahesabu nyota, Mama Kamau. Anatumia mwanga ya mbari."

"Mwanga ya mbari?"

"Eeh. Ati hiyo mwanga hauwezi ona na macho."

Shosho akaweka kikombe chini. "Mbari gani?"

"Mbari sana!"

"Nauliza ni mbari ya nani."

"Si ya mtu, Mama Kamau! Ni mbari tu. Mbari ya Mungu. Yeye ameitwa huko ndio asaidie kutafuta."

Unajua mbari ni nini kwa Shosho. Ni ukoo, watu wa babu mmoja na shamba moja. Aliyoyasikia siku hiyo ni kwamba mkaza mwanawe ameitwa na ukoo wa kwao, na huko wanatafuta mwanga wa ukoo usioonekana kwa macho. Mke akirudi kwa mbari yake, ndoa imekwisha, na kama kuna mwanga wa siri juu yake, basi hapo pana jambo la kupeleka kanisani. Ashukuriwe Mungu Shosho hakusoma Kiswahili cha pwani, ambako mwanga pia ni mchawi. Angelaza wazee wa kanisa sebuleni.

Kukhu naye aliona uso umebadilika, akadhani Mama Kamau amekasirika kwa sababu vitunguu ni vichache. Akaondoka ameumia. Kuku hakuchinjwa. Shosho hakuwa tayari kumla kuku wa mbari, na kumrudisha ingekuwa matusi, kwa hiyo akamfunga kamba mguuni nyuma ya nyumba. Unamkumbuka. Ulimwita Mbari. Alitaga, akazeeka, akafa kifo chake mwenyewe, jambo ambalo kuku wachache wa Kitale wamewahi kulipata.

Hayo ya kuku umeyasikia kila Krismasi, na umecheka. Kuna kipande ambacho hakisimuliwi. Krismasi ile ya kwanza Kukhu aliomba akuchukue Bungoma, Shosho akakataa, na mwaka uliofuata akakataa tena. Baba yako, ambaye akiwa kati ya wanawake wawili hukumbuka ghafla kwamba kinu chake cha kusaga kimeharibika, hakuingilia. Na jioni ulipokuwa ukiuliza mama yuko wapi, Shosho alikujibu alichoamini. Alisema, "Mama yako ameenda kwa mbari yao." Ulikuwa na miaka minne, kisha mitano, kisha sita, na hilo ndilo jibu ulilokula nalo chakula. Mama hayuko masomoni. Mama amerudi kwao.

Mimi huko sikujua. Nilikuwa nikiangalia galaksi mbili zinapogongana. Tulizipata nyingi, kwa sababu zikigongana huwaka joto ajabu. Nyota zenyewe hazigusani, zinapitana salama, nafasi kati yao ni kubwa mno. Kinachogongana ni mawingu ya vumbi. Nilipokuja kujua ya nyumbani, hilo lilinichekesha peke yangu.

Nilirudi mwaka wa themanini na sita. Ulikuwa langoni, na miaka saba, na kuku kwapani. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Nilijiandaa kwamba utalia, kwamba utakimbia, kwamba hutanijua. Kwa kila moja nilikuwa na la kufanya. Ulinitazama bila haraka, ukauliza, "Mbari yenu imekufukuza?"

Nilisikia R tu. Mwalimu ndani yangu alifika langoni kabla ya mama. Nikasema, "Si mbari, Wairimu. Ni mbali. Sema: mba-li."

Ukasema, "Mbali."

"Vizuri," nikasema.

Ukamweka kuku chini, ukaingia ndani.

Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza baada ya miaka mitatu. Mtoto aliuliza swali kwa neno sahihi, nikamsahihisha likawa kosa, na swali likafa pale pale.

Desemba ile, baba yako aliposimulia mara ya kwanza mbele ya wageni mambo ya bibi wawili na mbari, nilicheka mpaka nikashika meza. Katikati ya kicheko nikakumbuka lango. Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa unacheka nawe, kwa kuwa wakubwa walikuwa wanacheka. Kesho yake Shosho alinikalisha jikoni. "Kwa hivyo hakuna mbari ilikuita?"

"Hakuna, mama."

"Na hizo nyota?"

"Ziko mbali tu, mama."

"Si hiyo ndio nauliza, ziko mbari gani!"

Tukaelewana kufikia mchana. Yeye, kwa haki yake, hakupoteza wakati. Alipakia gunia la viazi akaenda kwa Kukhu, na waliyoyasema huko hawakutuambia, ila tangu hapo walikuwa wakitembeleana kuliko sisi tuliowakutanisha.

Mimi ndiye niliyechelewa. Nilikusudia kukuita kando. Kisha ukawa na miaka minane, ukawa na kumi, ukawa na kumi na minne na mlango uliofungwa, nikajiambia swali limezeeka, umelisahau. Jumapili nimeona hukulisahau. Umelikuza tu.

Basi nalijibu. Hapana, Wairimu. Hakuna mbari iliyoniita na hakuna iliyonifukuza. Walitaka nibaki, kazi bado ilikuwa tele, na meza yangu ilikuwa karibu na dirisha. Nilirudi kwa sababu nilitaka kukuona. Nilikukosa kila siku, hata siku nilizokuwa na furaha, na siku za furaha zilikuwa nyingi. Nililia pia. Nililia bafuni na maji yakiwa wazi, maana kuta zao ni nyembamba, na nilipofika hapa nikaona nimemaliza, nikajisifu kwamba sitakumwagia wewe. Sikujua kwamba ulikuwa unayasubiri hayo machozi uyaone.

Sitasema najuta kwenda. Ningekuwa mwongo, na wewe uongo unaunusa kama maziwa yaliyochacha. Leo nikiulizwa ningeenda tena, kwa koti lilelile. Ninachokitaka nikirudie ni lango.

Kuhusu baridi, nikwambie jambo moja la kazi, kisha nisiliguse tena. Lile vumbi tulilokuwa tukilipima ni baridi kuliko barafu, baridi kuliko theluji yoyote ya duniani. Bado linatoa joto lake, na ndilo tulilolisoma. Hatukuwahi kupata kitu baridi kiasi cha kutotoa chochote. Nakupenda. Sijui kulisema kwa sauti ya Shosho, lakini sasa umelisoma kwa mwandiko wangu, na unajua mwandiko wangu haujui kubembeleza.

Sasa yako. Nadhani Jumapili ulifanya kosa langu la Januari. Uliangalia safari yako ukaona vumbi la kwetu. Hebu iweke tena chini ya kioo. Wewe unaenda kusomea upimaji wa ardhi, na katika wilaya hii ambako watu wamepigana kwa ajili ya mpaka wa shamba, mpimaji mwaminifu atakuwa na kazi mpaka azeeke. Mtoto wako ana mwaka mmoja na kidogo, wewe ulikuwa na minne na ulimi. Na anayebaki naye ni mimi. Shosho maskini alipewa neno asiloweza kulitumia. Mimi najua uendako, najua kwa nini, na najua theluji inavyonuka. Inaweza kuwa ni kosa kwenda. Lakini litakuwa kosa jipya, lako, lisilo na kuku.

Sikufichi upande wa pili. Mtoto atakusahau. Usidanganywe na picha tutakazombandikia ukutani. Sura yako itamtoka, na utakaporudi atajificha nyuma ya sketi yangu, na utanichukia kwa sketi hiyo. Mimi nilimchukia Shosho karibu mwaka mzima kwa sababu ulikuwa ukiota ndoto mbaya unamwita yeye. Alikuwa ameifanya kazi yangu vizuri, hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Hiyo ndiyo gharama, na sijui njia ya kuipunguza. Ukiona ni kubwa mno, baki, na usije kumdai mtoto baadaye kwamba ulibaki kwa ajili yake.

Ninapoandika haya namkumbuka Kukhu alipozikwa, mwaka juzi. Ulikuwa na mtihani, hukusikia hotuba. Baada ya wanenaji wote, Shosho aliomba asimamishwe. Alishikwa mikono huku na huku. Akasema, "Mama Naliaka alikuwa rafiki yangu. Sasa ameenda mbari." Akaketi. Watu wa Bungoma walisikia mbali, wakaitikia. Wale waliokuja naye kwa lori kutoka Kitale walisikia mbari, nao wakaitikia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na sikujua ni ipi, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kujua. Nililia hapo, Wairimu, mbele ya watu. Muulize baba yako, alikuwa hana leso.

U karibu kurudi, nasikia jirani anasalimia mtu njiani, na wajina wangu amekimaliza kifuniko. Barua hii nitaiweka ndani ya kile kiatu kinachohamahama, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo nina hakika utapagusa kabla ya kesho. Asubuhi sanduku likiwa mlangoni, nitalibeba mimi mpaka kwenye gari. Likiwa chini ya kitanda, nitapika chai ya watu wote na hakuna atakayekuuliza neno. Baba yako nimeshamwonya, na Shosho nimemwomba, kwa kuwa Shosho haonywi.

Ukienda, siku moja Naliaka atasimama langoni aniulize uko wapi. Nitachuchumaa nifike kimo chake, kwanza nimjibu. Nitamwambia uko mbali. Nitalitamka vizuri, ulimi juu, L yake yote, na nitamweleza umbali huo ni wa nini na unaisha lini. Naye, kwa damu ya pande mbili aliyorithi, atalirudia neno kama alivyolisikia yeye. Atasema, "Mbari."

Sitamsahihisha.

Mama yako,
Naliaka mkubwa